Neno Asilolitamka Mama Mkwe

Mwalimu alipoolewa katika nyumba ile, jambo la kwanza kumchekesha lilikuwa hili: mama mkwe wake, fundi wa magodoro na mito kwa miaka thelathini, hakuwa akilitamka neno "mto". Alisema "kilalio". Mteja akiagiza mito miwili, hujibu, "Vilalio viwili, nimekusikia," na cherehani inaendelea kunguruma.

Mwalimu alifundisha Kiswahili, na ulimi hauna mfupa. Jumamosi moja, akimsaidia kujaza sufi, akamchokoza.

"Mama, huu si mto? Neno moja, maana mbili, wa maji na wa kichwa. Hata sisi walimu tukiulizwa kwa nini, tunajikuna tu."

Mama akaacha kukanyaga cherehani.

"Mume wako hajakwambia alikuwa na dada?"

"Aliniambia alifariki kwa maji. Zaidi ya hapo hataki kusema."

"Mume wa binti yangu alisombwa na mafuriko akivuka na baiskeli. Watu wakamtafuta siku tatu, wakachoka. Siku ya nne nilikuwa hapa hapa, kazi imenielemea. Binti akasimama mlangoni, akasema, 'Mama, naufuata mto.' Nami nilikuwa nimeanika kilalio cha mteja uani. Nikamjibu, 'Haya, ukirudi niletee na uzi.'"

Mwalimu akaiweka sufi chini.

"Kumbe anateremka kando ya maji, akamtafute mumewe. Nikakaa saa nzima nanung'unika, huyu naye, ameanza kukishona upya? Ukingo ulikuwa umelowa. Ukamomonyoka naye."

"Mama, hukukosea. Neno lenyewe ndilo lenye..."

"Neno halina kosa," Mama akamkatiza. "Mimi ndiye sikuinua uso. Ningemtazama ningeona viatu miguuni na fimbo mkononi. Nani huenda uani na fimbo?"

Mwalimu akanyoosha mkono amshike, lakini mkono wa Mama ulikwisha rudi kwenye kitambaa, ukikinyoosha pasipo na kunjo.

"Yeye tulimpata kesho yake," Mama akasema. "Mumewe, hadi leo."

Kisha akainamia cherehani. Mwalimu akasogeza kigoda karibu naye, wakafanya kazi mpaka adhuhuri, bega kwa bega.