Pini ya Nne Chini ya Daraja

Usiniulize niliwezaje kushika drili siku ile. Nilishika, basi. Mimi Bualai natoboa lami za barabara ya Ubon mwaka wa sita sasa, na sijawahi kuogopa shimo. Lile nililiogopa.

Tulikuwa tunapanga vizuizi vya zege chini ya daraja, mbele ya nguzo, ili gari likiacha njia lisije likaivaa nguzo yenyewe. Nafasi kati ya kizuizi na nguzo ilikuwa finyu, upana wa kiganja tu. Kizuizi kisipofungwa kwenye lami kwa pini nne za chuma, lori likikigonga kinasukumwa nyuma, na nguzo inagongwa vilevile. Kile cha mwisho kilikuwa na pini tatu. Shimo la nne liliangukia palepale alipofia mdogo wangu Khamphan, mwaka juzi, na pikapu lake la matikiti.

Mafundi wote waliweka zana chini. Kwetu, ukipigilia chuma mahali alipofia mtu, umemfunga hapo. Hazaliwi tena, anabaki kutazama magari yakipita.

"Tatu zinatosha," akasema mjomba Prayad, msimamizi wetu.

"Zinamtosha nani? Lori?"

"We Bualai, ulimi wako ungekuwa drili, kazi hii tungeimaliza jana."

"Na uvivu wako ungekuwa zege, mjomba, tungejenga madaraja mawili."

Wakacheka weee, lakini hakuna aliyeokota drili.

Mama naye alikuwepo. Kila Jumatano alikuja na basi la adhuhuri, akatandika mkeka kando ya nguzo, akafungua kikapu cha wali wa kunata, akamsimulia Khamphan habari za nyumbani. Mtawa wa hekaluni kwetu alishataka kuja kumwita marehemu arudi nyumbani, kama inavyofanywa. Mama alikataa katakata. "Akiondoka hapa," alisema, "mimi nitamfuata wapi?"

Joto lilikuwa limelegeza kila kitu. Lami kule mbali ilimeremeta kama imemwagiwa maji, na magari yalikuja yakielea, hayana magurudumu. Mbegu za matikiti yaliyopasuka zilikuwa zimeota kwenye ufa, na jani moja likawa linatikisika bila upepo. Sauti ya mama ilipanda na kushuka, ikapanda na kushuka, mpaka sikujua naisikia au naiota. Haki ya nani, niliona kandambili za mdogo wangu ukingoni mwa mkeka, zimevuliwa kwa adabu. Nikafumba macho. Nilipofumbua, pale palikuwa na vumbi tu.

Hapo hasira zikanipanda, sisemi uongo.

"Mama, umemfanya mwanao mlinzi wa barabara! Kesho atakuja mtoto wa mwenzako na gari lake, afie hapahapa kwa sababu ya pini moja. Na huyo utamtandikia mkeka?"

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Mama alifunika wali wake taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge. Kisha akainama, akaipapasa lami kwa kiganja, kama alivyokuwa akitupapasa mgongo asubuhi za shule.

"Khamphan. Amka, baba. Dada yako ana kazi hapa. Twende nyumbani."

Anayeitwa hivyo lazima aelekezwe njia, kila kona na kila daraja, asije akapotea. Na basi la kurudi lilikuwa halifiki mpaka zipite saa tatu nzima. Mjomba Prayad akaenda kuwasha pikipiki yake. Mama akapanda. Akakaa nyuma kabisa, juu ya chuma cha mizigo, akaacha nafasi katikati.

Prayad akageuka, akaitazama ile nafasi. Akasogea mbele mpaka magoti yakagusana na usukani.

"Umekaa vizuri, kijana?" akauliza.

Wakaondoka polepole. "Sasa tunatoka chini ya daraja, mwanangu," nilimsikia mama. "Sasa tunakata kulia, penye duka la matairi. Nishike." Pikipiki ikaingia kwenye ule mmeremeto wa lami, ikaelea, ikayeyuka. Nikangoja mpaka sauti yake ikaisha kabisa. Halafu nikainua drili, machozi yananitiririka mbele ya wanaume wote, nikatoboa mpaka chini.