Mlinzi wa Bwawa dhidi ya Mlinzi wa Mti

Balaa lilianza na viatu vyeupe. Siku ya kuzindua bwawa, mgeni rasmi alishuka garini na viatu vyeupe pe, na pale palipochimbwa shimo la kupanda mti, chini kule karibu na shule, palikuwa tope tupu. Akaangalia tope, akaangalia viatu, kisha akaangalia juu ya tuta, palipokuwa pakavu na pamesawazishwa vizuri. Akasema, "Pale." Basi mkuyu ukapandwa juu ya tuta la udongo, katikati kabisa, watu wakapiga makofi, yeye akaondoka na viatu vyake. Jamani, mkuyu! Mti unaonusa maji hata yakiwa chumba cha pili, mtu anakwenda kuupanda kwenye ukuta wa bwawa!

Mwanamke aliyeajiriwa kulinda bwawa lile hakupiga makofi. Watu walimwita Bi Tuta, maana tangu apate kazi hiyo hakuwa na mazungumzo mengine. Ukimwuliza habari za nyumbani, anakwambia tuta halijambo. Kazi yake ilikuwa kufyeka majani, kuziba mashimo ya panya, kufukuza ng'ombe wasipande juu, na kung'oa kila mche unaojaribu kuota pale, kwa sababu mizizi hutoboa udongo na maji hufuata mizizi. Barua yake kutoka kwa bwana maji, afisa anayesimamia mabwawa, ilisema waziwazi kwamba mti wowote usionekane juu ya tuta. Akapewa na kofia ya bluu.

Wiki moja baadaye bwana miti naye akatafuta mtu wa kutunza mkuyu wa mgeni rasmi. Sasa mtu anayekuwa karibu na mti ule kutwa nzima ni nani? Bi Tuta akaletewa barua ya pili. Aumwagilie mti asubuhi na jioni, na yeyote atakayeukata, kuupogoa au kuusogelea kwa nia mbaya akamatwe mara moja. Barua ilikuja na kofia ya kijani.

Akaenda kuuliza. Ofisi hizo mbili zilikuwa kwenye ukumbi mmoja, milango inatazamana, karani mmoja anazitumikia zote. Bwana maji alimwambia afuate barua. Bwana miti alimwambia afuate barua. Basi akazifuata zote mbili. Akivaa ya bluu, anaunung'unikia mti. Akivaa ya kijani, anaumwagilia. Miaka minne hivyo. Mkuyu ukanenepa, ukatoa kivuli, na Bi Tuta, sitaficha, akaanza kuupenda, maana hata jirani mkorofi ukimpelekea maji kila siku mwisho mnazoeana.

Lakini nyumba ya kwanza chini ya tuta ilikuwa ya mama yake mzazi. Hatua mia mbili tu. Na pale kwenye mguu wa tuta, upande wa nyumba hiyo, maji yalikuwa yakichuruzika kidogo. Kila asubuhi Bi Tuta aliyakinga kwenye chupa ya kioo na kuyainua juani. Yakiwa safi, si neno. Bwawa la udongo halikosi jasho. Asubuhi moja akainua chupa, akakuta yana rangi ya chai ya maziwa.

Maji yakitoka na udongo, ujue tuta linaliwa kwa ndani. Na mvua kubwa zilikuwa zimebakiza wiki nne.

Akamkimbilia mama yake. "Mama, fungasha, twende kwangu."

"Kuna msiba?"

"Bado. Bwawa linaweza kupasuka."

"Mimi nimezaa hapa, nimezika hapa," mama akasema, huku akiendelea kuchambua mboga, "leo nihame kwa sababu ya dimbwi? Kwanza hilo dimbwi si unalilinda wewe? Lilinde."

Ukimjua mama yule, utajua mjadala uliishia hapo. Tangu siku hiyo Bi Tuta akahamishia godoro lake kwenye sakafu ya mama, karibu na mlango, apate kumbeba mgongoni ikibidi. Usingizi ukawa wa kuibaiba.

Akaenda ofisini na chupa yake. Bwana maji akaitazama chupa, akakubali kwamba hali ni mbaya, akatoa fomu. Fomu ilitaka jina la anayelalamikiwa. "Nani ameruhusu mti kuwa juu ya tuta?" akauliza bwana maji.

"Mlinzi wa mti," akajibu Bi Tuta, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Mwandike."

Akajiandika. Karani akaichukua fomu, akavuka ukumbi hatua nne, akampa bwana miti. Bi Tuta hajafika hata mlango wa nje, akaitwa. "Umeshtakiwa, mama," bwana miti akamwambia kwa huruma. "Kuna mtu anakufuatafuata. Una siku tano za kujitetea."

Angeweza kukaa kimya. Lakini Bi Tuta ni mtu wa kazi, hawezi kufanya jambo nusunusu. Akavaa kofia ya kijani, akaandika utetezi wa kurasa mbili, mzito, wenye hoja, hata bwana maji alipousoma akakasirika na kusema mlinzi wa mti ana kiburi. Shauri likapelekwa kwa afisa utumishi.

Chumba cha afisa utumishi kilikuwa na meza, muhuri, na viti viwili vilivyowekwa mbalimbali ili watu wasirushiane maneno. Bwana maji alisimama upande wa dirisha, bwana miti upande wa kabati.

"Wahusika wamefika?"

"Tumefika," akasema Bi Tuta.

"Mlalamikaji akae kulia. Mlalamikiwa kushoto."

"Mzee, mbona ni mimi yuleyule?"

"Mama, ofisi hii inaongea na vyeo, haiongei na watu. Keti."

Akaketi kulia, kofia ya bluu kichwani. Akaeleza habari ya mizizi, chupa, mvua, na nyumba iliyo chini ya tuta na mama aliyemo ndani. Afisa akageukia kiti cha kushoto. Kilikuwa kitupu. Akasubiri. Bi Tuta akahama, akavaa ya kijani.

"Umesikia mwenzako anavyolalamika?"

"Nimesikia. Anasema kweli."

"Usimtetee, jitetee mwenyewe. Kwa nini unamwagilia mti?"

"Niliagizwa."

Bi Tuta akarudi kulia bila kuulizwa. "Na mimi niliagizwa kuung'oa!"

"Usimkatize mwenzako!" afisa akafoka. "Haya, hapa mmeshikana pabaya. Peaneni mikono kwanza." Bi Tuta akashika mkono wake wa kushoto kwa wa kulia. Karani akaandika kwamba wamepeana mikono, ila shingo upande.

Afisa akafungua faili la uzinduzi. Akapitisha kidole kwenye ratiba, akatabasamu kama aliyepata ufunguo uliopotea. Kupanda mti, saa nne. Kuzindua bwawa, saa tano.

"Mti umetangulia," akatangaza. "Bwawa ndilo lililomvamia mwenzake. Kwa hiyo mti usiguswe hata jani. Bwawa liondolewe kwenye mti, mita sita kila upande, kabla ya mvua."

Bi Tuta alifungua mdomo apige kelele. Kisha akaufunga. Akaufungua tena, polepole. "Na maji, mzee?"

"Maji si mali ya bwawa? Yaondoke nalo." Akagonga muhuri, pwaa!

Loo! Miaka minne mwanamke hana ruhusa ya kuchimba mizizi ile, leo anapewa yote na muhuri juu, na aliyempa hajui amempa nini.

Siku hiyohiyo akafungua koki ya bomba la kutolea maji, kidogokidogo, maana maji yakishushwa kwa pupa udongo wa upande wa ndani nao huporomoka. Wiki nzima bwawa likapungua. Kisha akaita watu na majembe, akawasomea amri. Wakachimba tuta kuuzunguka mkuyu, bwana miti amesimama na futi ya kupimia, kuhakikisha hakuna anayegusa mti. Hakuna aliyeugusa. Waligusa udongo tu. Mizizi ikaanza kuonekana, minene kama mkono wa mtu mzima, mmoja umepenya tuta toka upande wa maji hadi upande wa nyumba ya mama, na kandokando yake tundu la kupitisha ngumi. Watu wakaliona, wakaongeza kasi ya majembe. Kila mmoja alikuwa na nyumba kule chini.

Udongo ulipoisha, mti ulibaki hauna pa kusimama. Ukainama, ukasita, ukalala upande wa ndani, ukaserereka hadi katikati ya bwawa lililokauka.

"Nani amegusa?" bwana miti akapiga ukelele.

"Hakuna," akasema Bi Tuta. Alikuwa amevaa ya kijani, na alikuwa analia kwelikweli. Mti haukuwa na kosa. Haukuomba kupandwa pale.

Akafuta uso, akavaa ya bluu. "Haya, udongo wa mfinyanzi! Shubiri moja, maji kiasi, tunashindilia! Shubiri nyingine!" Bwana maji akaja mbio kuuliza nani ameruhusu kujaza tena. Bi Tuta akamwonyesha mti ulipolala, akamwonyesha amri. Mita sita. Bwana maji akapima toka tuta hadi mti, akapata thelathini na moja. Akakuna kichwa, akavua viatu, akaingia kushindilia na wenzake. Siku tisa walilikanyaga pengo lile, hadi kisigino kikawa hakiachi alama.

Mvua zikaja siku mbili baada ya shubiri ya mwisho. Zilinyesha kwa hasira, bwawa likajaa, maji ya ziada yakapita kwenye mfereji wake pembeni. Bi Tuta alizunguka tuta siku nne akiwa ameloa chepechepe. Siku ya tano, saa sita mchana, akaenda pale kwenye mguu wa tuta, akakuta hakuna tena maji yanayotoka ndani ya tuta. Akaingia kwa mama, akajitupa kwenye godoro na nguo zake za matope, akalala.

Karani akabisha hodi na bahasha chini ya mwavuli. "Nina barua ya kumwachisha kazi mlinzi wa mti. Akiipokea, nina na ya mlinzi wa bwawa, ya kumwuliza mti uko wapi. Wako hapa?"

Mama alisimama katikati ya mlango, akauziba wote.

"Walinzi mimi siwajui," akasema. "Humu yumo mwanangu, amelala. Hebu punguza sauti."