Muziro wa Bwana Shauri

Mkojo ulimtoka Mwalimu Zubeiri kidogo alipoona kofia ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma, ikikatiza migombani. Kidogo tu. Akabana miguu ndani ya kanzu.

Ukutani ilining'inia picha iliyoletwa kutoka boma: sokwe, halafu mtu mweusi kainama, halafu Mzungu kasimama wima. Mshale mmoja unawaunganisha, kutoka chini kwenda juu. Leo aifundishe, Bwana Shauri akisikia.

Mlangoni alikuwa mkwewe, Abdulatifu, mwenye duka la nguo.

"Ukiwaambia watu Adamu alikuwa na mkia, Mwaja namchukua leo hii. Binti yangu hakai na kafiri."

"Baba, ni amri ya boma."

"Boma ndilo lililokuozesha?"

Zubeiri akaigeukia picha. Mwalimu aliyemtangulia alikataa amri moja tu, akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mpaka leo analala kifudifudi.

Bwana Shauri akaingia na askari wawili. Wanafunzi kumi na wawili wakasimama, wanaume wazima waliotolewa na machifu wao wakasomee ukarani.

"Fundisha."

"Wengine wanasema mtu alitokana na mnyama huyu," Zubeiri akaanza. "Wengine wanasema Mungu alimuumba kwa udongo. Sasa..."

"Wengine nani? Hapa si msikitini, Mwalimu. Sema moja."

Zubeiri akamtazama mkwewe. Akakitazama kiboko begani kwa askari.

"Mtu alitokana na mnyama."

Abdulatifu akatema mate, akaondoka mbio mbio kumfuata binti yake.

Hapo akasimama Kaijage, mwenye ndevu. Tangu aletwe shule hajaelewa somo hata moja, na hili kalielewa.

"Mwalimu, hili kwetu tunalijua! Ukoo wetu muziro ni tumbili. Hatumuui, hatumli, ni ndugu yetu." Akamgeukia Bwana Shauri kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mgeni ukoo wake. "Na nyinyi, Bwana? Muziro wenu mnyama gani?"

"Nguruwe siyo, huyo wanamla!" mmoja akasema nyuma. Darasa likacheka.

Shingo ya Bwana Shauri ikawa nyekundu.

"Mtoeni huyo."

"Nimeuliza tu!" Askari walikuwa wanamburuta. "Mwalimu, waambie! Si umefundisha wewe?"

Zubeiri akafungua mdomo.

"Endelea," Bwana Shauri akamwambia.

Kiboko kikalia nje. Zubeiri akaweka kidole kwenye sokwe.

"Mnyama."

"Mnyama!" wakaitikia kumi na mmoja.

Kikalia tena.

"Mtu mweusi."

"Mtu mweusi!"

"Panda," akasema Bwana Shauri.

Kidole kikapanda na mshale.

"Mzungu."

"Mzungu!"

"Tena. Kuanzia chini."

Wakaanza tena. Hakuna aliyewaamuru wapige kelele, walipiga wenyewe. Na Zubeiri akapiga kuwashinda wote, maana nje Kaijage alikuwa haiti mama yake wala Mungu. Alikuwa anaita, "Mwalimu! Mwalimu!"