Kibuyu cha Guka Gachanja

Mama alifunua kibuyu, akainama kusikiliza.

"Pombe haipumui," akasema.

Jumamosi tulitakiwa kupeleka muratina, pombe ya asali, kwa kina Angeline, mchumba wangu. Baba yake alishakataa pombe ya kununua. Alitaka ile ya nyumba yetu, ambayo babu yangu, Guka Gachanja, aliitengeneza hapa Kawangware tangu ploti hizi zikiwa mashamba. Asali ilikuwa nzuri. Matunda makavu ya kuichachusha yalikuwa yaleyale ya Guka. Lakini kibuyu kilikaa kimya kama jiwe.

Guka alikuwa akikiweka kando ya kitanda chake, akikifunika blanketi lake na kukiimbia mdomo ukiwa umefungwa. Alipofariki tulikihamishia stoo, kwenye mifuko ya saruji, na chumba chake tukampangisha Sella, fundi wa nguo aliyetoka Lindi.

Sella alipita mlangoni pa stoo akienda kuteka maji. "Mama Ndegwa, mbona hamkuniambia mzee bado yuko?"

"Mzee gani?"

"Nikiwasha jiko tu, kona ya kitanda inaanza kuimba. Nimekemea kwa maombi, wapi! Haisikii."

Mama alicheka. Kisha akaacha. "Anaimba nini?"

Sella akaimba, mdomo umefungwa. Hakuwahi kumwona Guka akiwa hai. Mama akaketi juu ya mfuko wa saruji, machozi yakimtoka.

Tukabeba kibuyu hadi kwenye ile kona. Mama akakifunika blanketi la Guka, ambalo hakuwa amelifua tangu mazishi.

"Sawa tu," Sella akasema, akisogeza cherehani. "Kodi nalipa mimi, kitanda ni cha mzee."

Nimesoma kemia. Najua baridi ya Julai huzuia kuchachuka, na jiko la Sella lina joto. Hata hivyo, povu lilipoanza kupanda, lilisita palepale Guka alipokuwa akivuta pumzi kati ya mistari ya wimbo wake. Nilikuwa nimemkumbuka sana hata sikuogopa.

Jumamosi asubuhi Mama alijaza pembe ya kwanza ya kunywia, akammwagia Guka kidogo kwenye kona, jambo tulilosahau siku ya kumzika. Halafu akaonja, akatikisa kichwa akitabasamu.

"Ni yake."

Tulikuwa tumefika mlangoni na kibuyu mikononi tuliposikia wimbo nyuma yetu, pale kwenye kona tulikokitoa. Nikageuka nirudi.

"Nendeni mkaoe," Sella akasema, akitia uzi kwenye sindano. "Mwacheni aimbe. Nimeshamzoea."