Mlio wa Plagi

Msije mkaambiwa na watu wa Mlandege, hapa Unguja, kuwa Hamoud alikuwa fundi mbaya. Nilikuwa fundi mzuri, na silisemi hili kwa kujisifu, nalisema kwa sababu ni kweli. Gari nilikuwa naijua kwa sikio. Ikiingia mlangoni mwa gereji, kabla dereva hajazima, nshajua valvu ipi inagonga na beringi ipi imekufa. Kwa hivyo sikio la kushoto lilipoanza kuniaga, mwaka elfu mbili, sikumwambia mtu. La kulia lilipoanza kumfuata mwenzake, ndiyo kabisa nikafunga mdomo. Fundi asiyesikia ataambiwa nini? Ataambiwa akauze njugu Darajani, na hata huko wateja watamkimbia.

Nikawa na hila zangu. Mtu akisema nami, namtazama mdomo. Nisipofahamu najibu, "Inshaallah, inshaallah," neno ambalo halimuudhi Muislamu yeyote. Nikibanwa zaidi nakasirika. Mtu akishakasirika watu hawamuulizi mara ya pili, na hasira, Mungu anisamehe, sikuwa na haja ya kuziazima kwa jirani. Babu yangu alikuwa na mashamba ya mikarafuu huko Dole, mimi nimeachiwa spana na jina. Nikipoteza na jina, nimebaki na nini?

Mke wangu Shaima nilikuwa nakaa naye juu ya gereji hiyo hiyo. Mpole wa sura tu, ulimi wake unakata kuliko msumeno. Alikuwa mpiga ngoma ya dumbaki katika kikundi cha taarabu cha wanawake, na tangu ujana wake sijamwona kukosea pigo. Na yeye sikumwambia. Miaka miwili tunalala chumba kimoja, nami namficha masikio yangu mwenyewe!

Sasa akatokea Jecha. Jecha ni Mtumbatu, akikaa Mkokotoni, kaskazini, ananunua samaki kwa wavuvi na kuwaleta soko la Darajani kila asubuhi. Alikuwa na Estima, gari ya Kijapani iliyoshushwa bandarini Malindi, na hiyo ilikuwa na supachaja. Supachaja ni pampu tu: inaishindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu, basi injini ya wastani ikavuta kama ya lori. Na injini yenyewe imelala chini ya viti vya mbele, ukikaa umeikalia. Gari ya kuchukulia watoto wa matajiri skuli, yeye kang'oa viti vya nyuma kapanga masanduku ya barafu!

"Wallahi Jecha, hii ni dhambi," nilimwambia.

"Dhambi ni samaki kuoza, fundi," akanijibu, na hilo nikalisoma vizuri mdomoni mwake.

Maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika chini ya zulia, na chumvi yake, mpaka yakaifikia koili, ile inayozalisha umeme wa cheche. Ikafa. Nikamtafutia koili nyengine, kubwa kuliko ya asili, yenye moto mkali, na plagi nne mpya. Nikamwambia gari yako sasa itaruka kama ndege.

Plagi sisi wa zamani tunaijaribu hivi. Unaivika waya wake, unaigusisha na chuma cha injini, mwenzako anapiga starta, na cheche inaruka kwenye ule mwanya mdogo wa mdomo wake. Wengine hutazama cheche kwa macho. Mimi hufumba macho nikasikiliza. Cheche nzima inalia ta! ta! ta!, kama mtu anatafuna bisi. Basi Jecha akapiga starta, nikasikiliza. Kimya. Nikaupanua mwanya kidogo kwa bisibisi. Kimya. Nikaupanua tena, na tena, mpaka nikaisikia, ta! ta!, safi kabisa. Plagi zote nne nikazifanya hivyo hivyo, nikafunga, nikaenda kunywa kahawa nimefurahi.

Siku ya nne Jecha huyo.

"Fundi, ikiwa tupu inakwenda. Nikipakia, nikikanyaga mafuta, inakohoa."

Nikamwambia petroli yake ina maji. Akarudi baada ya siku tano. Nikamwambia mguu wake mzito, anakanyaga kama anaua nge. Hata hivyo nikazichomoa plagi, nikasikiliza, nikaona mlio umefifia, nikaongeza mwanya. Aliporudi mara ya tatu, kabla hajafika mlangoni harufu ilishatangulia.

"Gari imenigomea Chuini, samaki wangu wameniozea njiani," akasema. Hakuwa anapiga kelele, lakini uso wake ulitosha. "Masanduku sita. Nimewamwaga. Fundi Hamoud, mimi nakuheshimu, lakini leo ndiyo mwisho. Ikishindikana, naipeleka kwa yule kijana wa Malindi mwenye mashine ya kupimia. Na watu wa Mkokotoni wakiniuliza kwa nini nimekuhama, sitowadanganya."

Gari zote za kaskazini zilikuwa zikija kwangu kwa mdomo wa Jecha. Nikamwambia tujaze masanduku maji, tupate uzito, twende njia ya kaskazini tukaijaribu mimi na yeye.

Tuko tayari kuondoka, Shaima huyo anashuka ngazi na kikapu chake. "Mnapita Mfenesini? Nipakieni, nnakwenda kumtazama dada Fatma."

Jecha akamwamkia, "Shikamoo Bi Shaima," akamfungulia mlango wa mbele. Kwa hiyo mke wangu akakaa juu ya injini, mimi nikajibanza nyuma juu ya sanduku la samaki. Haya nayo ni maisha!

Tulipopita Bububu, penye ule mwinuko, Jecha akakanyaga. Mimi nikafumba macho, nikainamisha kichwa kama nifanyavyo mbele ya wateja, nikasema kwa sauti ya kitaalamu, "Umeona? Sasa inaimba."

Gari ikasimama. Nilipofumbua macho, Jecha kageuka kanikodolea.

"Inaimba? Fundi, inakatakata hivi sasa, mpaka inatutikisa meno, wewe unasema inaimba?"

Nilidhani ni njia mbovu inayotutikisa. Nikatafuta hasira zangu, siku hiyo nazo zikanikimbia. Jecha akaendelea kunitazama, na nikaona anaanza kufahamu. Hapo Shaima, bila ya kugeuka, akapaza sauti makusudi ili nimsikie.

"Fundi anakutania, Jecha mwanangu. Pigo linaruka. Naliskia hapa chini yangu: linapiga matatu, la nne hamna, linapiga mawili, la tatu hamna. Ukiondoa mguu linakaa sawa. Geuza turudi, dada Fatma nitamwona kesho."

Tukarudi Mlandege. Jecha akaenda kusali adhuhuri msikitini, mimi nikabaki gereji na mke wangu. Akavuta kibao, akakaa. Upande wangu wa kulia, wa lile sikio lililobaki na uhai kidogo. Ndipo nilipogundua kuwa siku zote hukaa upande wa kulia. Mezani, kitandani, kwenye harusi za watu, Shaima yuko kulia. Tangu lini? Sijui.

"Baba Riyama," akasema, "sikuulizi kitu ninachokijua. Nakuuliza jengine. Zamani ukizijaribu plagi zako, nilikuwa huko juu siusikii ule mlio mpaka nitoke barazani. Siku hizi nausikia nikiwa jikoni, na redio inapiga, na nazi naikuna. Kila mwezi unazidi. Moto wako umeingiwa na nini, mbona umekuwa na makelele?"

"Hayo mambo ya mafundi," nikamkaripia.

"Hayo mambo ya mlio," akasema. "Na mlio ni kazi yangu."

Nikanyanyuka. Nikang'oa kifuniko cha injini chini ya kiti, nikachomoa plagi ya kwanza. Kwenye mtoto wa meza nilikuwa na bamba za kupimia mwanya, zile nyembamba nyembamba zilizofungwa pamoja kama kurasa, zimeshika kutu kwa dharau zangu. Fundi wa sikio anataka bamba la nini? Nikapima. Injini ile, kwa ile pampu yake, ilitaka mwanya usiofika hata milimita moja. Mimi nilikuwa nimeiwekea moja na nusu na ushei.

Na hili nalijua! Nimelijua tangu nina miaka ishirini! Nje, kwenye hewa ya bure, cheche inaruka hata mwanya ukiwa mpana, na ukiwa mpana ndiyo inalia zaidi. Lakini ndani ya injini yenye supachaja hewa imeshindiliwa, nzito. Ukipakia mzigo ukakanyaga, inazidi kushindiliwa, na cheche inashindwa kuuvuka mwanya. Inazimika. Nimemtilia mtu koili kubwa, halafu nimeitwisha kazi isiyowezekana, si kwa sababu injini ilitaka. Mimi ndiye niliyetaka kusikia.

Nikafikiria gari zote nilizozipitisha mikononi mwangu miaka miwili ile. Nyengine zilivumilia, maskini, zikala petroli zaidi na wenyewe hawakujua sababu. Hii ya supachaja tu ndiyo iliyokataa kunificha. Wazee walisema mficha maradhi kilio humfichua. Nikakaa chini, juu ya matambara yenye mafuta, mtu mzima na mvi zangu, nikalia. Shaima hakuniambia nyamaza. Alinishika bega, akaniacha nilie mpaka nikamaliza mwenyewe, kisha akanipa upindo wa kanga yake nifute uso. Nikaupaka grisi, na hakusema kitu. Ningekuwa mimi ningesema.

Basi nikaziweka sawa plagi zote nne. Si kwa sikio, kwa bamba: nafasi ndogo, sawasawa, bamba linapita kwa shida kidogo kama linavyotakiwa. Nikaikausha koili, nikaiinua juu maji ya barafu yasiifikie, nikaifunga mpira. Jecha aliporudi nikamwambia twende tena, na masanduku yakiwa vile vile yamejaa.

"Mama Riyama," nikaita mbele yake, "njoo ukae mbele. Unisikilizie."

Jecha akanitazama, akamtazama mke wangu, akamfungulia mlango.

Kwenye mwinuko wa Bububu akakanyaga mpaka chini. Mimi sikufumba macho safari hii, nilimtazama Shaima. Alikuwa ameweka kiganja juu ya kiti, vidole vinapiga taratibu. Mwinuko ukaisha, vidole havijakosa hata mara moja.

"Haliruki," akaniambia kwa sauti, amegeuka ili niuone mdomo wake. "Hata moja."

Jecha akapiga kelele za furaha, akapiga honi bila ya sababu, mbuzi wa watu wakakimbilia migombani. Akasimamisha gari pembeni ashuke anipe mkono. Hapo ningeweza kunyamaza. Kazi imefanyika, mteja karidhika, jina langu limepona. Lakini samaki masanduku sita walimwagwa Chuini kwa ajili ya aibu yangu, na mtu huyu ananipa mkono.

"Jecha, kosa lilikuwa langu," nikamwambia. "Si petroli, wala si mguu wako. Mimi sisikii. Nilikuwa nazipanua plagi ili nizisikie mwenyewe. Mwaka wa pili huu. Kuanzia kesho nitakuwa nakwenda na wewe Mkokotoni kupakia bila ya ujira, mpaka hasara yako irudi. Na ukitaka kuwaambia watu, waambie."

Jecha akaanza kucheka, cheko la Kitumbatu lile, la kuinama na kushika magoti.

"Ndiyo maana!" akasema, akaja karibu yangu ili nifahamu. "Mwezi uliopita nilikuuliza hali ya mkweo, ukanijibu nshampaka grisi! Nikasema moyoni, ama huyu mzee na mkwewe wana ugomvi mkubwa." Alipomaliza kucheka akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Fundi, mimi nilitaka gari inayokwenda, na nimeipata. Alhamis nitakuletea gari ya mjomba wangu Pandu. Lakini Bi Shaima awepo."

Mungu ampe heri Jecha na kizazi chake. Nimekutana na mashekhe wasio na moyo ule.

Akaturudisha Mlandege, akaenda zake. Shaima akaanza kupanda ngazi na kikapu chake, na mimi chini nikimtazama mgongo. Miaka miwili amezunguka nyumba nzima kukaa upande wangu wa kulia. Akipaza sauti huko nyuma mimi nilikuwa namgombeza, kwa nini unanipigia makelele kama mpiga mnada. Wala siku moja hakuniumbua mbele ya mtu. Mimi si mtu wa maneno matamu, muulizeni mtu yeyote.

"Shaima," nikaita. "Ahsante. Mungu akulipe, mke wangu, mimi siwezi."

Akajibu kitu huku anaendelea kupanda, mgongo kanipa, na sauti yake ikapotelea ukutani.

"Sikusikia," nikamwambia. "Sema tena."

Akasimama. Akakiweka kikapu juu ya ngazi, akateremka pole pole mpaka chini, akaja kulia kwangu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na alikuwa anatabasamu.

"Nilichosema mimi si kitu," akasema. "Hilo neno ulilosema wewe sasa hivi, 'sikusikia', ndilo ninalolingoja miaka miwili."