Njia ya Kurudi ya Shangazi Lemok

Mjinga ni mimi, simsingizii mtu. Shangazi Lemok alipoimba sabak kwenye msiba wa jirani yetu, nilimrekodi kwa vipande viwili, viende kwenye maktaba ya mtandaoni ya nyimbo za kabila letu, Waiban. Mwimba sabak humsindikiza marehemu mpaka kwa wafu, kisha hujirudisha nyumbani kwa wimbo huohuo. Kipande cha kwenda kilipanda mtandaoni. Cha kurudi nilikifuta simuni nipate nafasi, nikidhani nacho kimefika. Hakikufika.

Juzi wajukuu zake wakamchezea kile kipande cha mtandaoni. Alisikiliza mpaka sauti yake ilipokatika, akangoja, akaniuliza, "Na kurudi kuko wapi?"

Tangu hapo hali wali, na homa haishuki. Mganga wa zahanati alitoa dawa akaenda zake.

Leo asubuhi Baling, mkuu wa nyumba yetu ndefu tunamoishi ukoo mzima, alinikuta barazani.

"Wewe Sendi, shangazi yako umemwacha kwa wafu, halafu umekaa unachezea simu?"

"Naufuta wimbo mtandaoni, mjomba."

"Wameshaupakua wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Haya, kawafutie na hao."

Niliogopa, sifichi.

"Mwache mtoto," Shangazi alisema kutoka mkekani. "Kufuta hakunirudishi. Aimbe kurudi."

"Imba wewe, Shangazi, nirekodi upya."

"Aliyeachwa huko hajiiti, anaitwa na aliye hapa. Si ulikaa ubavuni pangu mpaka mwisho? Imba."

Nilifungua kinywa. Kukaa nilikaa kweli, visikilizio masikioni, macho kwenye kioo cha simu, nikichunga sauti isikwaruze. Maneno sikushika hata moja. Nishike ya nini, na simu inashika?

"Siyajui, Shangazi."

Baling akasonya. Shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alinivuta karibu, akaanza kunipa mstari mmoja mmoja kwa sauti ndogo, nami nikaufuata. Nikikosea ananipiga kikofi mkononi, tunarudia. Tukatoka mlango wa wafu, tukavuka mto, tukaifuata njia ya msituni. Kila mstari pumzi yake ilizidi kuwa fupi.

Alinipa mistari sita. Niliiimba yote tangu mwanzo bila kukosea, nikamwinamia kupokea wa saba. Midomo yake ilikuwa imetulia.

Nikaanza tena wa kwanza, kwa sauti kubwa zaidi.