Chaki kwenye Nyonga ya Kombeo

Naanza kwa jina la Yule aliyeunga mfupa kwa mfupa pasi na uzi wala sindano, akaupa mkono wa mwanadamu ruhusa ya kuzunguka, kisha akauwekea mzunguko huo mpaka. Sala na salamu zimfikie Mtume wake mwema, na wote waliomfuata kwa ihsani. Baada ya hayo, niwapange watu wa kisa hiki mahali pao, msomaji asije akawatafuta gizani.

Wa kwanza ni baba, ambaye mtaa mzima, hadi dada yake wa tumbo moja, ulimwita Kocha. Siku za kazi aliendesha lori la saruji. Siku za mapumziko aliwafundisha wasichana mchezo wa softiboli, na hakuna aliyemwona akicheka isipokuwa timu yake ikiwa mbele. Wa pili ni huyo dada yake, fundi cherehani, aliyeshona katika chumba cha mbele cha nyumba hiyo hiyo, na aliyewalea watoto wa kaka yake tangu mama yao alipotangulia mbele ya haki. Wa tatu ni binti mkubwa, mrushaji wa timu, ambaye baba yake alimpa jina la Kombeo kwa jinsi mpira ulivyomtoka mkononi. Wa nne ni Kitindamimba, mdogo wake, mwokota mipira na mwenye ulimi mrefu kuliko kimo chake.

Katika mchezo huo mrushaji husimama katikati ya kiwanja, akauzungusha mkono duara kamili, kupanda mbele na kushuka nyuma, na kuuachia mpira usawa wa nyonga ili umpite mpigaji mwenye gongo. Mkono ukipita karibu na mwili, nguvu hutoka miguuni na kiunoni, na bega huwa ni njia tu. Mkono ukienda pembeni, kiwiko kikatanuka kama bawa la kuku, mzigo wote huliangukia bega. Kombeo alirusha kwa namna hii ya pili, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Shangazi yake naye, katika usichana wake, alirusha vivyo hivyo, akifundishwa na kaka huyo huyo, hadi bega la kulia likamwachia. Tangu hapo mkono wake haukupanda kupita kidevu. Kitambaa cha rafu ya juu alikiteremsha kwa fimbo. Na Kocha, kila alipoulizwa, alijibu kwamba dada yake alizaliwa na bega legevu.

Asubuhi moja fundi alimwona Kombeo akivaa shati la shule, akiuingiza mkono wa kulia kwanza, polepole, kama anayemvisha mtoto mchanga. Aliisimamisha cherehani.

"Linauma tangu lini?"

"Haliumi, Shangazi. Limekaza tu."

"Hata langu lilikaza tu. Hebu njoo hapa."

Jioni hiyo alichukua chaki ya kuchorea nguo, akamsugua nayo upande wa ndani wa mkono, chini kidogo ya kiwiko, hadi pakawa peupe. Kisha akamwongoza hadi kwenye uchochoro ulio kati ya nyumba na ukuta wa jirani, ambamo mtu mnene hupita kwa ubavu. Mwishoni mwake walitundika shuka kuukuu.

"Simama, ukuta uwe kuliani kwako. Mkono ukienda kombo, ukuta utakuambia kabla yangu. Ukipita njia yake utakupangusa nyonga, na suruali yako nyeusi itapata alama nyeupe. Mpira umekwenda wapi, hiyo si kazi yangu. Mimi nataka alama."

Akarusha. Ukuta ukamchuna vidole, mpira ukaenda ukagonga ndoo.

"Dada ameua ndoo!" Kitindamimba alipiga kelele. "Ndoo ilikuwa haina hata kosa!"

"Nyamaza wewe, okota mpira. Na wewe mama, legeza. Mkono si gongo, ni taulo bichi. Kazi yako kulizungusha tu. Sukuma kwa mguu wa nyuma. Tena."

Ndivyo walivyofanya jioni baada ya jioni. Mwanzo suruali ilirudi nyeusi kama ilivyotoka. Kisha ikaja alama moja, hafifu kama vumbi. Kisha alama juu ya alama, hadi nyonga ya binti ikafanana na ubao wa darasani. Maumivu yakapungua. Akaanza kuvaa shati bila kufikiri. Lakini kasi nayo ilikuwa imekwenda zake, kwani mwili ulikuwa umeiacha nyumba ya zamani na haujaizoea mpya. Fundi alimwahidi kwamba kasi itarudi kwa miguu yake yenyewe. Walichokosa ni muda.

Kocha aliporudi safarini aliwakuta uchochoroni. Akasimama akitazama, funguo za lori zikilia mkononi.

"Huo ni mpira, au unampelekea mgonjwa dawa kwenye sinia?"

"Ndiyo kwanza anajifunza, Kocha," akasema fundi.

"Kujifunza nini? Kutia uzi kwenye tundu la sindano? Dada, wewe shona. Fainali iko mlangoni na umeniharibia mrushaji."

Hapo dada mtu aliliacha jina la mtaani. "Kaka," alisema, "mtoto huyu hana bega la akiba. Nitazame mimi."

Kocha hakumtazama. Na tangu siku hiyo hakumwita bintiye Kombeo. Akawa anamwita "wewe". Wewe, sogea. Wewe, lete maji. Binti alikula akitazama sahani, na fundi aliliona jina la Kombeo likimpungukia mtoto kama damu.

Siku ya fainali, kabla ya kuingia kiwanjani, fundi alimpaka chaki.

"Niahidi. Alama kila mara."

"Naahidi, Shangazi."

Na alitimiza, karibu mchezo wote. Mipira yake haikuwa ya kutisha, lakini ilifika mahali pake, na nyonga yake ikawa nyeupe. Timu ikawa mbele kwa pointi moja. Akabaki mpigaji wa mwisho, msichana mwenye mabega ya mbeba magunia, ambaye alikwisha kuugonga mpira wa polepole mara mbili ukatoka nje ya mstari. Akikosa mara moja tu angetoka, na mchezo ungekwisha. Pigo moja safi na ushindi ungehama.

Kocha alisimama kwenye benchi. Akajipiga bega kwa kiganja: ishara ya mrusho wa zamani. Upande wa pili, kati ya watazamaji, fundi aliishika nyonga yake mwenyewe na hakuiachia. Binti akamtazama huyu, akamtazama yule.

Ndipo baba alipoita, kwa sauti iliyojaa kiwanja: "Kombeo! Kombeo wangu!"

Uso wa binti ulifunguka kama dirisha. Akaipangusa chaki kwa kiganja cha kushoto, akauzungusha mkono ukatanuka, akarusha kwa bega. Mpigaji alikata hewa kwa gongo, mpira ukiwa umekwisha tua katika glavu ya mdakaji.

Watu wakamiminika kiwanjani. Kocha akabebwa juu juu, akicheka. Kombeo alibaki palepale aliposimama, ameupakata mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, na midomo yake imekuwa rangi ya ile chaki.

Daktari aliwaambia kwa upole kwamba mkono utapona kwa kazi za kawaida, kuandika na kufua, lakini kurusha ndiyo basi. Kocha alisikiliza akizungusha funguo kidoleni. Nje mlangoni jamaa wa timu walipomuuliza, alijibu bila kusita: "Bega legevu. Amelirithi kwa shangazi yake."

Fundi alikuwa hatua chache nyuma yake. Aliyasikia, akamfunika mpwa wake mtandio mabegani, kwa kuwa mtoto mwenyewe hakuweza, wakatembea hadi nyumbani.

Kombe liliwekwa juu ya kabati. Haukupita muda, jioni moja, sauti ya Kocha ilisikika uani: "Tanua kiwiko! Tanua! Wewe ndiye Kombeo sasa." Na sauti nyembamba ya Kitindamimba, ambayo haikuwa na mzaha ndani yake, ikajibu: "Ndiyo, Baba."

Binti mkubwa alisikiliza akiwa amekaa chini ya meza ya kukatia nguo. Akainuka, akaenda kwenye kisanduku cha cherehani, akapekua kwa mkono wa kushoto, na kuitoa chaki.

"Shangazi, nimpake wapi?"

"Chini ya kiwiko," akasema fundi. "Upande wa ndani. Akimaliza na baba yake, mlete uchochoroni."

Ewe Mola, Mjuzi wa kila kiungo, mlipe aliyeumia kwa subira yake, umvunje kiburi aliyeumiza kabla hajaumiza tena. Na huyu mdogo aliyebaki, mwenye mabega mawili mazima, mhifadhi, na uwape nguvu wanaosimama naye ukutani. Amin.